Texas: Msamaha wa kodi ya mali kwa wawekezaji, kwa nini uliachwa ufe 2022 kisha ukarudi 2023?

#1 Mzani_wa_Kariakoo
Wakuu, salaam. Naleta jambo la Texas kwa sababu wengi wetu tuna ndugu Houston na Dallas, na bili ya kodi ya nyumba inawafikia kila mwaka.

Mwaka 2001 jimbo lile lilipitisha Sura ya 313 ya sheria ya kodi. Wilaya ya shule (mamlaka ya shule za eneo, yenye bodi yake na kodi yake) iliruhusiwa kumwekea mwekezaji mkubwa kikomo: hata kiwanda kiwe na thamani gani, kodi ya shule inatozwa kwenye sehemu ndogo tu, kwa miaka 10. Kikao cha bunge cha 2021 kikaisha bila kuongeza muda, na sheria ikafa tarehe 31 Desemba 2022. Kikao kilichofuata, 2023, kikapitisha mswada wa HB 5, msamaha mpya wa kodi ya shule maarufu kama JETI, ianze 1 Januari 2024 hadi mwisho wa 2033.

Bado ipo Sura ya 312, inayoziruhusu miji na kaunti kusamehe kodi zao. Hiyo inaisha 1 Septemba 2029, na mjadala wa kuiongezea muda utakuja tu.

Swali: nani hasa analipa msamaha huu? Na je, ndio unaoleta kiwanda, au kiwanda kingekuja hata bila huo? Njooni na hesabu.

#2 Bi_Hesabu
Nianze na bili, maana hapo ndipo watu wanapopotea.

Kodi ya shule Texas ina mafungu mawili. Fungu la uendeshaji (wenyewe wanaliita M&O) linalipa walimu, umeme na mabasi. Fungu la deni (I&S) linalipa hatifungani zilizojenga madarasa. Msamaha unagusa fungu la uendeshaji peke yake. Fungu la deni kiwanda kinalipa chote.

Ndiyo maana ukifungua rekodi ya mali moja kwenye ofisi ya uthamini ya kaunti unakuta kiwanda kilekile kina thamani mbili. Mfano wa namba za kufikirika:

Thamani kwa fungu la uendeshaji: 80,000,000
Thamani kwa fungu la deni: 500,000,000

Akaunti moja, mwaka mmoja, mitambo ileile. Asiyejua hudhani mthamini amekosea.

#3 Mwanabandari
Jibu la nani analipa: Texas haina kodi ya mapato ya mtu binafsi. Kodi ya biashara waliyonayo ni 0.75% ya kile wanachokihesabu kuwa faida ghafi, na 0.375% kwa wauza rejareja na jumla. Mzigo mkubwa umelala kwenye mali. Mwenye kiwanda cha mabilioni analipa kodi ya mitambo hata mwaka anaopata hasara. Kwa hiyo msamaha si zawadi, ni kulegeza kamba iliyokazwa kupita kiasi sehemu moja.

Na 2022 ilipofika wakaondoa misamaha yote. Wakaona Ohio, Arizona na New York wanachukua viwanda vya chipu za kompyuta, wakarudi mbio.

#4 Karani_Mstaafu
Mwanabandari, hapo mwisho nakusahihisha. Hawakuondoa yote. Sura ya 312 iliendelea bila kukatika, kwa sababu 2019 iliongezewa miaka 10. Kilichokufa ni mkono wa shule tu. Ila mkono wa shule ndio mnene, maana kodi ya shule kwa kawaida ndiyo sehemu kubwa ya bili.

Na mtoa mada, ile "miaka 10" ya 313 si ya tangu mwanzo. Awali ulikuwa na miaka 2 ya kuanza ujenzi, kisha kikomo kwa miaka 8. Mageuzi ya 2013 ndiyo yaliyofanya kikomo chenyewe kiwe miaka 10, na ndiyo yaliyoweka tarehe ya kufa 2022.

#5 Mzani_wa_Kariakoo
Shukrani Karani, nimepokea. Sasa swali langu la kwanza: wilaya ya shule ikisamehe, pengo linazibwa na nani?

#6 Bi_Hesabu
Na jimbo. Na hapa ndipo sheria ile ilipokuwa na kasoro kubwa kuliko zote.

Texas inagawa fedha za shule kwa fomula: jimbo linakokotoa haki ya wilaya, linatoa kile ambacho wilaya inaweza kukusanya yenyewe, linajaza kilichobaki. Thamani inayotozwa ikishuka kwa sababu ya kikomo, jimbo linaongeza mgao. Wilaya tajiri, zile ambazo hulazimika kupeleka ziada yao kwa jimbo, zinapeleka pungufu. Kwa vyovyote, bodi ya shule haioni pengo.

Sasa tazama bodi inapata nini ikisaini:

Thamani yote ya kiwanda inaingia kwenye fungu la deni. Wilaya ndogo inaweza kukopa ijenge shule mpya huku kiwango cha kodi ya deni kwa wananchi kikishuka.

Juu yake kulikuwa na malipo ya nyongeza kutoka kwa kampuni moja kwa moja: hadi dola 100 kwa mwanafunzi kwa mwaka kwa wastani wa mahudhurio, au dola 50,000, ile iliyo kubwa. Wilaya ya wanafunzi 400 ingepata 40,000 kwa hesabu ya vichwa, hivyo inachukua 50,000. Ya wanafunzi 11,000 inaweza kufika 1,100,000 kwa mwaka. Fedha hizo haziingii kwenye fomula, jimbo haliwezi kuzikata.

Anayesaini anapata, anayelipa hayupo mezani. Unategemea nani aseme hapana?

#7 Jirani_wa_Taylor
Ongeza na malipo ya kinga. Mkataba wa 313 ulitaka kampuni iifidie wilaya ikipoteza mapato kwa sababu ya msamaha. Hasara hiyo ilitoka zaidi kwenye kuchelewa kwa hesabu: jimbo lilikuwa linatumia thamani ya mwaka uliopita. Mwaka wa kwanza wa kikomo, jimbo linaona thamani kubwa ya jana na kutoa mgao mdogo, huku wilaya ikikusanya kwa thamani ndogo ya leo. Mageuzi ya fedha za shule ya 2019 yalihamia kwenye thamani ya mwaka huohuo, na malipo yale yakapungua sana. Nasema hivi kwa sababu mikataba ya kabla ya 2019 ukiisoma leo utashangaa vipengele vile vinatafuta nini.

#8 Mwanabandari
Bi Hesabu unaongea kama vile kiwanda kisingeleta kitu. Bila msamaha, kodi ya kiwanda ambacho hakijajengwa ni sifuri. Sifuri haina pengo.

#9 Bi_Hesabu
Ndugu yangu, hiyo ni kweli ikiwa kiwanda kisingejengwa. Kama kingejengwa hata hivyo, umetoa bure. Mzozo mzima umekaa kwenye hiyo "kama".

#10 Mtafiti_Kivuli
Kwa hilo kuna kazi zilizofanyika. Nathan Jensen wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, aliichunguza 313 na kuchapisha 2018. Alikadiria kuwa asilimia 85 hadi 90 ya miradi ingejengwa Texas hata bila msamaha. Timothy Bartik wa Taasisi ya Upjohn, mwaka huohuo, alipitia tafiti nyingi za Marekani na kupata kwamba vivutio hubadilisha uamuzi wa kati ya asilimia 2 na 25 ya kampuni zinazovipata.

Sababu si ngumu. Kiwanda cha kugeuza gesi asilia kuwa kimiminika kinahitaji bandari yenye kina na mabomba ya gesi. Mitambo ya upepo inahitaji upepo na njia za umeme. Huwezi kuhamishia pwani ya Ghuba ya Mexico kule Ohio.

#11 Mwanabandari
Gesi na upepo nakubali. Chipu je? Kiwanda cha chipu kinataka umeme, maji safi mengi na wahandisi. Hivyo vinapatikana kwenye majimbo kadhaa, tena nje ya Marekani pia. Ukichanganya gesi na chipu kwenye wastani mmoja unaficha tofauti. Asilimia 10 hadi 15 iliyobaki inaweza kuwa ndiyo ile miradi mikubwa kuliko yote.

#12 Mtafiti_Kivuli
Hoja nzito, na wastani wa idadi ya miradi hauijibu. Ingepimwa kwa dola, si kwa vichwa vya miradi.

#13 Mama_Ushuru
Ngoja niweke JETI na 313 kwenye mizani moja, maana watu wanasema "wamerudisha kitu kilekile". Sicho.

Chukulia kiwango cha uendeshaji ni senti 70 kwa kila dola 100. Chukulia wilaya ambayo kikomo chake chini ya 313 kilikuwa dola milioni 80 (wilaya zenye thamani ya kodi kati ya bilioni 1 na 10 ziliangukia hapo, Tesla walipopewa na wilaya ya Del Valle mwaka 2020 kikomo kilikuwa hichohicho milioni 80).

Kiwanda cha milioni 500:
313: 500 − 80 = milioni 420 zinasamehewa. Akiba kwa mwaka dola 2,940,000. Sawa na 84%.
JETI: nusu, yaani milioni 250. Akiba dola 1,750,000.

Kiwanda cha bilioni 5:
313: bilioni 4.92 zinasamehewa. Akiba dola 34,440,000. Sawa na 98.4%.
JETI: bilioni 2.5. Akiba dola 17,500,000.

Kiwanda cha milioni 100:
313: milioni 20 tu. Akiba dola 140,000.
JETI: milioni 50. Akiba dola 350,000.

Kikomo cha 313 kilikuwa sakafu isiyosogea: kadiri mradi ulivyokuwa mkubwa ndivyo sehemu iliyosamehewa ilivyokaribia yote. JETI ni sehemu ya thamani. Kwa kikomo hiki cha milioni 80, mradi wa chini ya milioni 160 unafaidika zaidi na JETI, na wa juu ya hapo ulifaidika zaidi na 313. Vijijini vikomo vilikuwa vidogo, kwa hiyo mpaka huo unashuka.

#14 Kijana_wa_Irving
JETI si 75%? Ndivyo nilivyosoma.

#15 Mama_Ushuru
75% ni kwa mradi ulio ndani ya maeneo maalumu ya fursa, yale yaliyotengwa kwa sheria ya kodi ya shirikisho ya 2017. Nje ya hapo ni 50%. Lakini kipindi cha ujenzi, kabla ya miaka 10 kuanza, fungu la uendeshaji linasamehewa lote. Wengi wanasahau kukihesabu.

#16 Karani_Mstaafu
Mama Ushuru, hesabu yako ni safi kwa mwaka wa kwanza. Usiizidishe kwa 10 lakini. Mitambo inachakaa kwenye daftari la mthamini. Tuseme thamani inashuka 8% kwa mwaka: milioni 500 mwaka wa 10 imebaki kama 236. Akiba ya 313 mwaka huo ni 236 − 80 = 156, yaani dola 1,092,000 hivi. Ya JETI ni kama 826,000. Pengo kati yao linafifia.

Na ndiyo sababu ahadi ya "baada ya miaka 10 tutalipa kamili" inanikera. Mwaka wa 11 kinachorudi kwenye daftari ni kama milioni 217, si 500. Umesamehe miaka ambayo mtambo ulikuwa na thamani kubwa, unatoza miaka ambayo umezeeka. Mwananchi anayetangaziwa kiwanda cha milioni 500 anastahili kuonyeshwa namba hiyo ya pili siku ileile.

#17 Wakili_wa_Mezani
Hatua kwa anayetaka kuelewa mambo yanavyokwenda, halafu niseme yanapoharibika.

Chini ya JETI mradi kwa kawaida lazima utimize ajira na uwekezaji kulingana na idadi ya watu wa kaunti:
- 750,000 na zaidi: ajira 75, dola milioni 200
- 250,000 hadi chini ya 750,000: ajira 50, milioni 100
- 100,000 hadi chini ya 250,000: ajira 35, milioni 50
- chini ya 100,000: ajira 10, milioni 20

Mshahara uwe angalau 110% ya wastani wa sekta hiyo kwenye kaunti husika. Eneo liwe limetengwa kisheria, kwa mfano kuwa eneo la uwekezaji upya. Ombi linakwenda kwa Mdhibiti wa Fedha wa jimbo, na ada ya wilaya ni dola 30,000. Wakati wa 313, ada za hadi 75,000 zilikuwa jambo la kawaida, na nyingi ziliishia kwa washauri na mawakili. Mdhibiti lazima aridhike kwamba makubaliano ni sababu ya nguvu katika ushindani wa kuchagua eneo, na kwamba ndani ya miaka 20 mradi utaleta kodi ya kutosha kufidia kilichosamehewa. Chini ya 313 dirisha lilikuwa miaka 25. Kisha gavana na bodi ya shule lazima wakubali. Mmoja akikataa, basi.

Yanapoharibika: kampuni inatangaza eneo kwenye vyombo vya habari, inanunua ardhi, inaanza kumwaga zege, ndipo inapeleka ombi linalosema bado inalinganisha majimbo matatu. Tangazo lake lenyewe linaikanusha. Kosa la pili ni mali. Kilichokuwepo kabla ya ombi hakihesabiwi, kwa hiyo bomba, tangi au jengo la zamani linalounganishwa na mradi mpya lazima lichorwe kando kwenye ramani na lipewe orodha yake. Wasipotenganisha, ofisi ya uthamini itabishana nao kila mwaka kwa miaka 10.

#18 Jirani_wa_Taylor
Tofauti kubwa aliyoipitia Wakili haraka: ajira. Chini ya 313 sheria ilitaka 25, au 10 vijijini, lakini bodi iliweza kuondoa sharti hilo kama sekta haihitaji watu wengi. Mashamba ya upepo na jua yalipitia mlango huo. Uwekezaji wa mamia ya milioni, ajira za kudumu za kuhesabu kwa vidole. JETI imewafungia upepo na jua mlango huo. Na malipo ya nyongeza aliyoyataja Bi Hesabu yamepigwa marufuku.

#19 Kijana_wa_Irving
Na upepo na jua vimekatazwa misamaha kabisa siku hizi, sivyo?

#20 Jirani_wa_Taylor
JETI haizipokei, pamoja na betri za kuhifadhi umeme. Lakini kaunti bado inaweza kuzisamehe kupitia 312. Isipokuwa mitambo ya upepo iliyo ndani ya maili 25 za baharini kutoka kituo cha ndege za kijeshi. Hiyo imezuiwa tangu Septemba 2017, kwa 312 na 313 zote.

#21 Mwanabandari
Hapo mnaona siasa waziwazi. Mtambo wa gesi unapata, wa upepo haupati. Kama tatizo lilikuwa ajira chache, sharti la ajira lingetosha kuwachuja.

#22 Mtafiti_Kivuli
Naafiki. Tusisahau pia nani aliiua 313. Walikuwa watetezi wa sera: Texas Public Policy Foundation upande wa kulia na Every Texan upande wa kushoto. Wa kwanza walichukia serikali kuchagua mshindi, tena mshindi akiwa upepo. Wa pili walichukia fedha za shule kuvuja. Waliungana kubomoa, ila kila mmoja alitaka kujenga nyumba yake. Kwa maoni yangu JETI ilipita kwa sababu iliwapoza wa kulia kwa kuutoa upepo.

#23 Karani_Mstaafu
Mimi naona sababu nyingine: tarehe yenyewe. Mwaka 2022 kampuni zilikimbilia maombi kabla mlango haujafungwa. Samsung peke yake ilipeleka maombi ya viwanda 11 vinavyoweza kujengwa kwenye wilaya za Taylor na Manor, jumla karibu dola bilioni 200 katika miaka 20. Mikataba iliyosainiwa kabla ya 31 Desemba 2022 inaendelea, na baadhi ya vipindi vya msamaha vitaanza miaka mingi mbele. Kwa hiyo "kuacha ife" kulizalisha rundo la ahadi. Ukiwatangazia watu kwamba duka linafungwa Jumamosi, Ijumaa foleni inafika barabarani.

#24 Pwani_Tulivu
Wadau, huku kwetu Kenya EPZ (eneo la viwanda vya kuuza nje) inatoa miaka 10 bila kodi ya mapato ya kampuni, halafu 25% kwa miaka 10. Mbona hakuna anayezungumzia kodi ya majengo?

#25 Mzani_wa_Kariakoo
Kwa sababu kwetu uzito uko kwingine, Pwani. Tanzania ilipohamishia kodi ya majengo kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla) mwaka 2021, nyumba ya kawaida ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi, ghorofa 5,000 kwa kila sakafu. Mwekezaji hawezi kuhamisha kiwanda kwa ajili ya hiyo. Anaomba unafuu wa kodi ya mapato na ushuru wa forodha. Huko Texas mtambo wenyewe, hadi pampu na koili, unatozwa kila Januari mosi unapothaminiwa.

#26 Pwani_Tulivu
Asante, sasa nimeelewa kwa nini shule ndiyo inayoombwa.

#27 Bi_Hesabu
Kwa wanaodhani bodi ya shule haiwezi kukataa: Louisiana ina msamaha wa viwanda tangu 1936, na kwa miaka mingi ulitolewa na bodi ya jimbo bila kuwauliza wenyeji. Mwaka 2016 Gavana John Bel Edwards alitoa amri iliyowapa shule, kaunti zao na masherifu kura. Januari 2019 bodi ya shule ya East Baton Rouge ikaikatalia ExxonMobil. Tofauti na Texas ni moja: kule fedha iliyosamehewa ilikuwa yao, na walimu walikuwa ukumbini. Mwaka 2024 Gavana Jeff Landry akabadilisha masharti tena, sharti la ajira likaondolewa.

#28 Mwanabandari
Na kiwanda cha Exxon kilihama Baton Rouge?

#29 Bi_Hesabu
Hakikuhama.

#30 Mwanabandari
Kilichokuwepo hakihami. Swali ni upanuzi unaofuata unajengwa wapi, na hilo halionekani kwenye gazeti la kesho yake.

#31 Mama_Ushuru
Turudi 2029. Bunge la Texas hukaa miaka isiyogawanyika kwa mbili, Januari hadi mwisho wa Mei. Kwa hiyo nyongeza ya 312 ina nafasi mbili tu za kawaida: 2027 au 2029. Ikisubiri 2029, mtarajie foleni ya Karani.

Tofauti ya 312: jiji au kaunti inasamehe kodi yake yenyewe, hakuna jimbo la kujaza pengo. Kwa hoja ya Bi Hesabu, hii ingepaswa kuwa safi zaidi.

#32 Bi_Hesabu
Ni safi zaidi, nakiri. Lakini kaunti mbili jirani zinashindana kwa kiwanda ambacho kimeshaamua kuja eneo hilo, na kila moja inashusha bei. Jimbo halipotezi, wakazi ndio wanaopoteza.

#33 Kijana_wa_Irving
Mtu wa kawaida aliyeko kule afuatilie wapi kabla haijasainiwa?

#34 Wakili_wa_Mezani
Kwa 312, anza na miongozo. Jiji au kaunti haiwezi kusamehe bila kuwa na miongozo na vigezo vilivyopitishwa, na hivyo vinadumu miaka 2 tu. Kuvibadilisha katikati kunataka robo tatu ya kura. Omba nakala, angalia tarehe. Miongozo ikiwa imeisha muda, kuna hoja ya kuuliza kikaoni.

Pili, jiji likitaka kutenga eneo la uwekezaji upya lazima lifanye kikao cha wazi, na tangazo litoke gazetini angalau siku 7 kabla. Kwa jiji na kaunti, tangu 2019 kikao cha kupitisha mkataba kinahitaji tangazo la siku 30, likitaja jina la mwombaji, mahali, aina ya uboreshaji na gharama yake. Chukua hiyo gharama, zidisha kwa kiwango cha kodi cha kaunti, una namba yako kabla hujaingia ukumbini.

Tatu, baada ya kusainiwa, soma taarifa ya fedha ya mwaka ya jiji. Kanuni ya 77 ya bodi ya viwango vya uhasibu wa serikali, ya 2015, inataka kodi iliyosamehewa ionyeshwe kwa dola. Iko nyuma kabisa, kwenye maelezo ya hesabu.

#35 Karani_Mstaafu
Kwenye mkataba atafute pia kipengele cha kurudisha fedha. Kama kinasema kampuni "itajitahidi" kuajiri, hakuna kitu hapo. Kinatakiwa kiwe na idadi ya ajira, tarehe ya kuhesabiwa, na kodi ya miaka mingapi inarudi idadi isipofikiwa.

#36 Mzani_wa_Kariakoo
Kuna mwenye mkataba wa kaunti wenye kipengele kilichoandikwa hivyo, tuuweke hapa tuusome mstari kwa mstari?

#37 Jirani_wa_Taylor
Mikataba ni nyaraka za umma, naomba makarani wa kaunti mbili wanitumie. Mama Ushuru andaa jedwali lako la uchakavu, tutalihitaji.